Kiti cha Mwisho cha Shemasi Mahlon

Shemasi Mahlon Ziegler alikuwa mtu mnyenyekevu, na asiyejua alielezwa. Kila masika, waumini wa kanisa la Ndugu wa Kijito cha Mwerezi, kule Pennsylvania, walipofanya Karamu ya Upendo na kuoshana miguu kabla ya kula nyama na mkate uliolowa mchuzi, yeye alikaa kiti cha mwisho kabisa cha meza ya wanaume, karibu na jiko la kuni, mahali ambapo mtu hutoka jasho hadi kwenye ndevu. "Mimi hapa pananitosha," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka meza ya wanawake.

Sasa tusidanganyane. Kuoshana huanza na mzee wa kanisa: humwosha aliye karibu naye, huyo humwosha anayefuata, na kadhalika hadi wa mwisho. Naye wa mwisho huenda mbele, kanisa zima likimtazama, kumwosha mzee. Kwa hiyo kila mwaka mnyenyekevu wetu ndiye aliyemwosha mkubwa, na hakuna aliyekosa kumwona.

Mwaka huu jambo lilikuwa zito zaidi. Mzee wao alikuwa amefariki wakati wa theluji. Mzee mgeni, Isaac Hollinger, alikuja kuongoza karamu, na kesho yake asubuhi kila mshiriki angeingia chumbani kwake peke yake kumtajia anayemtaka awe mzee mpya. Mahlon alikitaka cheo hicho mpaka usingizi ukampaa. Alinunua soksi mpya, akasugua nyayo kwa jiwe, akakata kucha kwa makini.

"Unakwenda kuoshwa au kuposa?" mkewe Orpha alimwuliza.

"Kila mtu hunawa nyumbani kwanza, mke wangu. Humpelekei ndugu yako uchafu."

Walipofika, kiti chake kilikuwa na mtu. Ammon Zook, mfuga ng'ombe asiyejua kusema sana, alikuwa amejikunyata pale kando ya jiko kama mgonjwa.

"Ndugu Ammon, sogea juu," Mahlon alinong'ona. "Hapa ni pangu."

"Niache hapa hapa, ndugu yangu. Leo hapa ndipo panaponifaa."

"Juu kuna nafasi nzuri. Karibu na mzee kabisa!"

"Basi nenda wewe."

"Mimi? Mimi ni nani hata nikae juu?"

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mtu wa maana, Ammon! Acha kujidharau!" Mahlon alifoka, na waliokuwa wakiomba wakafumbua jicho moja moja.

Mzee Hollinger akakohoa. Mahlon akaketi kando ya Ammon, wa pili kutoka mwisho, nafasi isiyo na sifa yoyote, akiwa amenuna.

Kuoshana kukafika kwao. Mahlon alioshwa, na maji yakabaki meupe vilevile. Akavaa tena soksi zake, akajifunga taulo kiunoni, akapiga magoti, akatengeneza uso wa upole. Ammon akavua viatu polepole. Harufu ilitangulia. Samadi ilikuwa imemfika vifundoni, na majani makavu yamenasa kati ya vidole.

"Ng'ombe alishikwa na uchungu nikiwa nimeshavaa," Ammon alinong'ona, masikio yamemwiva. "Ndama alikaa vibaya, nimevuta mpaka saa ya ibada. Ningerudi kunawa ningechelewa. Nikajitenga huku nisiwanukie watu. Niruke tu, Ndugu Mahlon."

Mahlon aliitazama ile miguu. Miaka yote ya ushemasi wake alikuwa akiosha miguu misafi, na ghafla akaona haya, haya ya kweli. Huyu kaja na miguu aliyokuwa nayo. Yeye kaja na miguu ya maonyesho.

"Lete mguu," akasema.

Maji yakageuka rangi ya kahawa. Akaomba beseni jingine. Akasugua, akachokoa majani kati ya vidole, soksi mpya zikalowa, na kwa mara ya kwanza akasahau kama kuna watu wanaotazama. Alipomaliza walibusiana busu la amani.

"Ndama kapona?"

"Kapona. Jike."

"Bwana asifiwe," Mahlon alisema, na hata jirani yake hakumsikia.

Kisha Ammon akaenda mbele, amejiinamia, akamwosha mzee.

Asubuhi Mahlon aliingia chumbani. Tangu Krismasi alikuwa amepanga kushusha pumzi kwa huzuni, kisha ajitaje mwenyewe.

"Ndugu, Bwana amekuwekea nani moyoni?" Mzee Hollinger aliuliza.

"Ammon Zook," alisema, na akashangaa kuwa haikumuuma.

Mchana Ammon akatangazwa kuwa mzee mpya, maana wengi walimtaja. Alilia kama mtoto, akisema wamekosea mtu. Mahlon akawa wa kwanza kumkumbatia, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Njiani kurudi nyumbani Orpha ndiye aliyeshika hatamu. Mahlon alijizuia, moyo mweupe, mpaka wakapita mashamba mawili. Kisha ikamshinda.

"Orpha, uliniona nilivyomfurahia Ammon? Nilikuwa wa kwanza."

"Nilikuona," Orpha akasema, akimhimiza farasi. "Nani hakukuona? Ulipanda juu ya benchi kumfikia."