Ukuta wa Dieumerci

Mudogo wangu Dieumerci alikuwa anakoroma vibaya. Ukuta kati ya chumba chake na changu ni wa tofali moja, na miaka yote niliupiga kwa kiatu: wee, punguza! Hata hageuki. Alipokufa mwezi wa pili, homa ya wiki moja tu, kiatu kilibaki chini ya kitanda, na mimi nikabaki macho. Usingizi wangu ukawa wa kuibaiba, saa moja hapa, nusu saa pale. Na niseme ukweli: sikulia pia.

Kwenye kilio mashangazi waliyatazama macho yangu makavu wakaanza kunong'ona. "Mwanamuke gani huyu? Mudogo yake iko mu sanduku, yeye anapanga viti!" Waseme. Viti vilikuwa vya kukodi, nani angevipanga, wao? Kulia nilitaka, jamani. Nilijitafuta ndani, sikukuta kitu.

Kilichobaki ni mbio. Kabla ya kuugua, Dieumerci alikuwa ametuandikisha wote wawili kwenye mbio za kutoka Kipushi mpaka hapa Lubumbashi, mwezi wa saba. "Yaya," aliniambia, maana mimi ndiye dada yake mkubwa, "unauza misumari mule mu magazini siku muzima umekaa. Utakuja kukauka pale pa kiti." Basi nikaamua. Nitakimbia na jezi yake, na nikifika mwisho nitalia. Medali sikuitaka. Nilitaka kile kilio, na nilikuwa na hakika kwamba kinanisubiri pale kwenye mstari.

Kunda, anayefundisha klabu yetu ya wakimbiaji kule Katuba, alinipangia mambo matatu: kukimbia, kula, kulala. Kukimbia nilifanya hadi kuzidisha. Kula nilikula kama mtu anayemeza dawa. Bukari, yaani ugali wetu, maharagwe, mayai, saa ikifika nameza. Njaa sina, ladha sina. Siku za kupumzika ndizo zilizonishinda. Kunda akisema leo hakuna mbio, mimi napita barabara ya nyuma asinione. Siku moja akanikuta.

"Yaya Claudine, unaenda wapi?"

"Kununua mukate."

"Mukate, na viatu ya mbio?" Akacheka, kisha akaacha. "Sikiliza. Mubili haijengwe mu barabara, inajengwa pa kitanda. Unakimbia, unakula, lakini haulale. Ni kukoroga unga mu maji ya baridi. Bukari itatokea wapi?"

"Mbona miguu hainiumi?"

"Njo ile inaniogopesha."

Nikamwambia aende zake na unga wake. Nilikuwa mkali bure, kwa mdomo tu, maana hata hasira sikuisikia.

Jioni ya kuamkia mbio, mama yangu Madeleine alisema chumba chake kinaingiza baridi, atalala kwa Dieumerci. Tangu kilio hakuna mtu aliyekigusa kile kitanda. Nilitandaza jezi kwenye kiti, nikaweka simu iniamshe alfajiri, nikajilaza chali kusubiri, kama kawaida yangu.

Nikasikia ukutani. Mtu anakoroma. Vibaya, kwa kukata na kurudia, jinsi ileile. Nilinyoosha mkono chini ya kitanda kutafuta kiatu. Sikukifikia.

Nilipofungua macho, jua lilikuwa limejaa chumbani. Simu haikuwepo. Nilitoka mbio hadi uani na ile jezi mkononi. Mama alikuwa amekaa mbele ya mbabula, makaa yamewaka, anachemsha maji, na simu yangu iko mapajani mwake.

"Mama! Mbio iko wapi?"

"Banafika sasa. Redio inasema."

Eh! Hasira ilinipanda hadi kwenye meno. Nilipiga kelele hadi majirani wakasimama uani kwao. Nilimwambia ameniua. Kwamba nilikuwa na kitu kimoja tu duniani, kimoja, na amekichukua. Na miguu iliuma, Mungu wangu, iliuma kama imepigwa rungu.

Aliniacha nimalize.

"Nilikuja kukuamusha," akasema. "Nilifika pa mulango. Ulikuwa unakoroma, mutoto yangu. Nikakamata simu, nikaifunga. Kunda naye akakuja na pikipiki yake kukubeba. Akasimama pa dirisha, akakusikiliza. Ile pikipiki aliisukuma na mikono mupaka kule pa kona njo akaiwasha."

Ndipo nikaisikia sauti ya mama. Haikuwepo. Ilikuwa pumzi tu, imekwaruzika, kama mtu aliyeimba kwenye mkesha mpaka asubuhi. Na mama yangu, baba alikuwa akimsifu, ni mwanamke anayelala kimya hadi unamshika pua kuhakikisha.

"Mama," nikasema, "unakoroma toka lini?"

Aligeuza mwiko kwenye sufuria, hakunitazama.

"Toka jana."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, na jezi ya mudogo wangu usoni, nikalia. Nililia kwa sauti, kwa jina lake, mpaka majirani wakaingia ndani kwa heshima. Mama alimimina unga, akasonga. Bukari ilipoiva nilikula yote, nikaomba nyingine.