Kiti cha Mwisho cha Mzee Ifor

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili usijisumbue kumtafuta mchawi. Mimi ndiye karani wa shule ya sekondari ya Cwm Hebog, huku Wales. Simu napokea mimi, plasta nabandika mimi, mtoto akitapika kwenye basi naitwa mimi. Na kila mwaka, mwezi wa pili, nachapa mashairi ya wanafunzi, kwa sababu jaji wetu, Mchungaji Elystan, amewafundisha watoto wa bonde hili shule ya Jumapili, na mwandiko wa kila mmoja anaujua kama sauti ya mbwa wake.

Utaratibu wetu ni huu. Mtoto haandiki jina lake. Anajipa jina la kubuni kwenye kikaratasi, anakibana kwa pini juu ya shairi, na jina lake la kweli linakaa ndani ya bahasha iliyofungwa, juu yake jina la kubuni, mpaka siku ya sherehe. Mwaka huu yalikuja mashairi kumi na moja. Nilikuwa nachapa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika keki, simu nimeibana begani, dereva wa basi anapiga kelele kwamba mto umepanda barabarani. Kiwiko kikateleza. Mashairi mawili yakaanguka, pini zikachomoka, vikaratasi viwili vikabaki sakafuni: kimoja "Kunguru", kingine "Randa".

Mtu wa kawaida angeenda kuuliza. Mimi nina stashahada ya uhazili, kwa hiyo nilifikiri. Shairi moja lilikuwa na kunguru ametua juu ya boriti, nikasema basi hili la Kunguru. La pili lilimhusu mpishi wa shule akikwangua jibini, nikasema na randa nayo kazi yake si kukwangua? Nikachapa, nikamaliza keki yangu, nikasahau.

Sasa, Randa alikuwa Lleucu Pugh. Na shairi lake ndilo lile lenye kunguru.

Lleucu alikuwa na miaka kumi na sita, binti wa wafuga kondoo, mmoja wa wale watoto ambao mwalimu akimaliza kuita majina ndipo anajiuliza kama amewasikia. Kwenye mbio za kupokezana alikuwa wa akiba. Kwenye kwaya alisimama mstari wa nyuma, mbele yake wavulana warefu. Kwenye mashindano ya keki alipewa cheti cha "umeshiriki", na hicho kwetu hupewa hata aliyeunguza.

Babu yake, Mzee Ifor, ndiye fundi seremala aliyechonga kiti cha mshindi wa ushairi kwa miaka thelathini na moja. Kwetu mshairi hapewi kikombe. Anapewa kiti, anakikalia mbele ya watu wote, kisha anakwenda nacho nyumbani. Viti vya Mzee Ifor viko sebuleni kwa watu bonde zima. Kwake yeye hakuna hata kimoja. Kwake wanakalia kochi lililobonyea katikati, ukikaa unamwangukia mwenzio.

Kiti cha mwaka huu alikichonga kwa boriti ya kanisa lililofungwa kule juu. Alikichonga kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshalala tangu alipopata kiharusi. Miezi saba. Lleucu alikuwa akitoka shule anakwenda kumshikia mbao.

"Shika vizuri, wewe. Unashika kama mtu anayeshika paka wa jirani."

"Nimeshika, Babu. Wewe ndiye unayetikisika."

"Mimi sitikisiki. Dunia ndiyo inayotikisika, mimi nimetulia."

Mkono mmoja wa kiti ulikaa chini kidogo kuliko mwenzake, upana wa kidole. Lleucu aliona, hakusema. Mzee naye aliona.

"Atakayekaa atainama kushoto, kama mimi," alisema. "Nataka nimwone tu akikaa. Hiki ndicho cha mwisho, mjukuu wangu. Nikishamwona mtu amekaa humo, randa yangu chukua wewe, mimi nimemaliza."

Ndipo Lleucu alipoanza kuandika, ndani ya basi la shule, daftari juu ya magoti. Hakumwambia mtu. Mada ya mwaka ilikuwa "Mikono", na alijua mikono miwili ya kuandika habari zake.

Mwezi wa kwanza moyo wa mzee ukaanza kusuasua, wakamlaza hospitali. Kwa ajili ya sherehe, daktari alimruhusu mchana mmoja. Gari la wagonjwa lingemleta saa saba, na saa nane na nusu limrudishe kwenye mashine zake. Daktari alimwambia mama yake Lleucu waziwazi kwamba mchana mwingine hawezi kuuahidi.

Basi ikafika tarehe mosi Machi, siku ya Dewi, mtakatifu mlinzi wa Wales, siku ya eisteddfod yetu, yaani shule nzima inaimba, inakariri, inacheza ngoma ya viatu vya mbao, na makundi matatu yanagombea pointi: Aeron wenye fulana nyekundu, Teifi kijani, Ystwyth bluu. Wasichana wamebandika maua ya njano kifuani. Wavulana wamebandika liki, mboga ndugu ya kitunguu, na kufikia saa nne asubuhi wameshazila mbichi kwa kubishana, ukumbi mzima unanuka kitunguu, hata mwalimu wa muziki anafundisha akiwa ameelekea dirishani.

Mchana huo Aeron, kundi la Lleucu, walikuwa mbele kwa pointi mbili. Hawakuwa wameshinda kwa miaka tisa. Kiongozi wao, Mabli, alikaa ubavuni kwa Lleucu akihesabu kwa vidole kama mama mkwe anayehesabu sahani.

Mwalimu mkuu, Bi Non, alipanda jukwaani kabla ya sherehe ya kiti. "Mwaka jana," alisema, "kuna mtu alisimama kwa jina ambalo si lake, akapandishwa mpaka hapa juu, tarumbeta zikapigwa bure."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Gethin Bowen. Gethin akatazama dari.

"Mwaka huu atakayesimama bila kuitwa, kundi lake linapoteza pointi zote za leo. Na yeye mwenyewe safari ya raga aisahau. Nimeeleweka?"

"Ndiyo, Madamu."

Kiti kikaletwa. Mzee Ifor alikuwa mbele kabisa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, muuguzi pembeni. Mimi nilikuwa juu kabisa nyuma ya ukumbi, na taa kubwa ya kummulika mshindi.

Mchungaji Elystan akasimama kutoa hukumu. Mtu huyu hajui kufupisha. Mazishi anayoongoza huwa marefu kuliko maisha ya marehemu. Akapita shairi moja moja. Akasema shairi la Randa kuhusu jibini limemchekesha, lakini aliyeliandika ana njaa kuliko kipaji. Watu wakacheka.

Lleucu hakucheka. Alisikia "Randa", akasikia "jibini". Alidhani Mchungaji amechanganya maneno.

"Lakini kuna moja," Mchungaji akaendelea, na sauti ikapungua. "Nimelisoma mara tano. Sikilizeni: *Mkono mmoja ukilala, wa pili hujifunza jina lake.* Na mbele kidogo: *Kunguru juu ya boriti anauliza, nani atakaa? Fundi hajui. Kwa kutojua anachonga.*"

Mzee Ifor akainua kichwa. Lleucu akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Ni yake. Kila neno ni lake. Magoti yake yalikuwa yameshaanza kunyooka.

"Aliyeandika haya anastahili kiti," Mchungaji alisema. "Jina lake la kubuni ni Kunguru."

Magoti yakarudi.

Mwalimu Rhun, mwendesha sherehe, alikuwa amevaa joho lililokuwa pazia la maktaba. Akanyoosha mkono. "Tarumbeta ikilia, Kunguru, na Kunguru peke yake, asimame!"

Tarumbeta ikalia. Nikawasha taa, nikaipitisha juu ya vichwa. Hakuna aliyesimama.

"Kunguru ni nani?" Mabli alinong'ona. "Aombe Mungu awe wa Aeron."

Nyuma yao Gethin aliinama mpaka pumzi yake ya liki ikawafikia. "Kunguru ni mimi."

"Acha ujinga wako, Gethin."

"Haki ya Mungu ni mimi! Lakini hayo siyo niliyoandika. Mimi niliandika ya jibini."

Lleucu aligeuka polepole. "Ya jibini ni yako?"

"Ndiyo. Usiseme."

"Hili ni langu," Lleucu alisema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. "Mimi ndiye Randa. Gethin, wametubadilisha. Simama useme."

"Nisimame? Mimi? Umemsikia Madamu au masikio uliyaacha kwenu na kondoo? Nikinyanyua tako hili tu, hata sijafungua mdomo, raga imekwenda. Simama wewe, shairi lako."

"Jina si langu."

"Na mimi shairi si langu!"

"Basi sema ukiwa umekaa."

"Nani ataniamini mimi?"

Na hapo alisema kweli. Ndani ya bahasha ya Kunguru lilikuwa limeandikwa Gethin Bowen, kwa mkono wake mwenyewe.

Mabli alikuwa ameshamkamata Lleucu kifundo cha mkono. Kucha ziliingia. "Usithubutu," alisema, na si kwa ubaya. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Pointi mbili, Lleucu. Miaka tisa! Ukisimama bila kuitwa, watoto wote hawa walioimba tangu asubuhi... Tutaeleza baadaye. Kesho tutakwenda ofisini kwa karani, atatengeneza."

Kesho. Lleucu alitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika kumi na tisa.

Tarumbeta ikalia mara ya pili. Minong'ono ikaanza. Mwalimu mmoja akamtazama Gethin kwa jicho la onyo, na Gethin, maskini, akakalia mikono yake yote miwili ili kila mtu aone kwamba haendi popote. Lleucu alijaribu kuinua mkono, kama darasani. Aliuinua mpaka begani. Bi Non akauona kutoka jukwaani, akatikisa kichwa: si sasa, msalani utakwenda baadaye. Mkono ukashuka.

Angepiga kelele, utasema. Mimi pia nilimwambia hivyo, wiki tatu baadaye, alipokaa ofisini kwangu akinieleza haya yote na chai yake ikipoa. Akanijibu kwamba alifungua mdomo. Alifungua kabisa. Lakini mtoto ambaye miaka mitano hakuna aliyewahi kumsikia akiitika, sauti ya kujaza ukumbi wa watu mia nne angeitoa wapi kwa dakika moja?

Mbele, Mzee Ifor alimvuta muuguzi mkono. Muuguzi akaonyesha saa yake. Mzee akatikisa kichwa, akasema kitu, na muuguzi akakigeuza kiti cha magurudumu kikaelekea kwa watu, ili mzee amwone atakayesimama. Akaanza kutazama, mstari kwa mstari, taratibu, kama anavyopitisha kidole juu ya ubao kutafuta palipokwaruza. Macho yalifika kwa Lleucu. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyemwona wa kwao kwenye kundi la watu. Kisha macho yakampita, yakaendelea kumtafuta mshairi.

Taa yangu nayo ilimpita. Mara tatu ilimpita.

Milango ya nyuma ikafunguliwa, dereva wa gari la wagonjwa akasimama pale, kofia mkononi. Muuguzi akainama kufungua breki.

Kwetu tarumbeta hulia mara tatu. Ikilia ya tatu na hakuna aliyesimama, kiti hufunikwa shuka na kurudishwa stoo. Mpulizaji, mtoto wa kidato cha pili, alikuwa amechoka, na ile ya tatu ilitoka imepasuka katikati. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Rhun alisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, joho lake la pazia likiburura sakafuni, mkono mmoja juu ya kile kiti kilichoinama kushoto. Akaacha sauti ya sherehe, akaongea kama baba wa mtu.

"Kunguru, mwanangu, mzee anaondoka. Popote ulipo, nakuomba. Simama."