Chupa ya Mwaka wa Joto

Mume wangu Walter hakuwa mlevi, na naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wa kanisani kwetu Erdington, hapa Birmingham, wakisikia neno chupa huwa hawangoji mwisho wa sentensi. Alifanya kazi ya kupanga masanduku kwenye ghala la mvinyo kule Digbeth. Kila mwaka alirudi nyumbani na chupa moja ya Riesling, mvinyo mweupe, ya shamba lile lile la Ujerumani, mteremko ule ule juu ya mto, akailaza gizani chini ya ngazi pamoja na viatu vya mvua.

"Shamba ni moja, zabibu ni zile zile," alikuwa akiniambia, "lakini mwaka haufanani na mwaka. Baridi ikizidi, zabibu zinachelewa kuiva, mvinyo unakuwa mkali kama ndimu, na huo ndio unadumu. Jua likizidi, mvinyo unakuja mtamu, umenona, na unazeeka haraka."

"Kama ndugu zako," nilimjibu.

Chupa aliyoipenda kuliko zote ni ya 2003. Huo ndio mwaka Nyokabi wetu alipokuja. Tulikuwa tumemwacha Kenya, Ol Kalou, kwa cucu yake, mama yake Walter, tukingoja karatasi zikubali. Alitua Agosti, mtoto wa miaka minane, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu kwa sababu kila mtu alimwambia Ulaya ni baridi. Siku hiyo Birmingham ilikuwa inachemka, lami inanata kwenye viatu. "Mlinidanganya," ndilo neno la kwanza alilotuambia.

Nguo zake zote zilinuka mafuta ya taa. Cucu huyo, ambaye ndiye Nyokabi wa kwanza, binti yetu amerithi jina lake, alikuwa na duka, akiuza mafuta ya taa kwa kipimo cha bati, na Walter alikulia nyuma ya pipa lake. Mimi nilikutana naye hapo. Taa ya kwetu ilikuwa ikinywa kuliko walevi wa soko zima, na mama yangu hakuelewa kwa nini sikuchoka kutumwa. Shuleni walimcheka Walter kwa ile harufu. Mimi niliipenda, sitaficha.

Basi nikafua nguo za mtoto mara mbili. Walter akachomoa sweta moja kwenye lundo, akasema hiyo iachwe. Akakaa nayo kwenye kochi, mwanamume mzima, amezika pua ndani ya sweta ya msichana mdogo. Nilimwacha nikaenda kupika.

Mvinyo wa mwaka ule ulipofika ghalani, aliileta chupa akiwa ameikumbatia. "Hii tutaifungua siku wazee watakapokuja kumposa Nyokabi. Itakuwa imezeeka vizuri. Na Riesling ikizeeka vizuri, Mama Nyokabi, inarudi nyumbani."

"Nyumbani wapi? Ujerumani?"

Akacheka, akakataa kuniambia. Yeye mwenyewe alikuwa na maneno hayo hayo: akizeeka atarudi Ol Kalou afuge ng'ombe. Hakuzeeka. Moyo ulimsimama ana miaka hamsini na mmoja, tukamzika makaburi ya Witton kwenye theluji.

Wazee walikuja Julai 2018, kiangazi kilichonikumbusha Agosti ile. Nyasi za Erdington zilikuwa zimegeuka rangi ya chapati. Kijana anaitwa Lennox, mtu wa Leicester, mpole, na mama yake, Moraa, ni muuguzi wa maneno machache na nguo zilizopigwa pasi hadi zinakata. Kwenye kiti cha baba alikaa Gichuhi, mdogo wake Walter, aliyetoka Coventry na tai mpya.

Kwetu Wakikuyu binti huulizwa mbele ya watu wote: tunywe, tusinywe? Akikubali, anaonja kidogo na kumpa baba yake glasi. Akikataa, wageni wanachukua makoti yao. Kinywaji huletwa na upande wa kijana, lakini niliomba jambo moja tu, kwamba glasi hiyo itoke kwenye chupa ya Walter. Nilitaka awe mle chumbani, kwa njia yoyote ile. Mama Lennox alikubali bila maswali.

Gichuhi akazibua. Kizibo kilikatika nusu. Akamimina, na mvinyo ukashuka rangi ya asali. Akainusa glasi, akairudisha mezani.

"Mama Nyokabi, hii chupa uliiweka karibu na nini?"

"Chini ya ngazi. Kwa nini?"

"Inanuka mafuta ya taa. Parafini kabisa! Siwezi ku-serve wageni hii kitu."

Mama Lennox akainusa kwa adabu, akasema taratibu, "Labda imeharibika tu, dada. Hii joto ya mwaka huu."

Aibu ilinipanda kuanzia miguuni. Nilimkasirikia Gichuhi, nikawakasirikia Wajerumani, na zaidi ya wote nikamkasirikia Walter, aliyenikabidhi chupa akaenda zake.

"Mwaga," nikasema. "Iko ya 2010, ya mwaka wa baridi. Hiyo bado ni nzima. Mwaga hii!"

Gichuhi akabeba chupa na glasi kuelekea kwenye sinki.

"Uncle, wait." Nyokabi alikuwa amesimama. "Nipe kwanza."

Akanusa. Akafumba macho, akanusa tena. "Mum," akasema, na sauti ikawa ya yule mtoto wa sweta mbili, "it's not gone off, haijaharibika. Ni duka la Cucu. Smell it. Ni Dad."

Nikanusa. Lilikuwa pipa lile, na kipimo cha bati, na kijana mwenye mikono iliyolowa anayenizidishia mafuta kila mama yake akigeuka. Nikajua nyumbani alikokuwa akikusema ni wapi: Riesling ikizeeka vizuri hupata harufu ya mafuta ya taa, naye alilijua hilo. Nililia mbele ya wakwe, jambo ambalo mama yangu asingenisamehe. Gichuhi, aliyekulia nyuma ya pipa lile lile, aliinusa upya, na safari hii akairudisha chupa mezani.

Alirudi kitini, akakohoa. "Haya, Nyokabi. Tunywe, tusinywe?"

"Tunywe," akasema, akaonja. Baba Mdogo wake akanyoosha mkono kuipokea glasi. Nyokabi akampita, akaja akapiga magoti mbele yangu.

"Mpe Baba Mdogo," nilimnong'oneza. "Anapewa baba."

"Ndiyo nampa Dad," akasema, akaishikisha mikononi mwangu.

Nikanywa. Ulikuwa mtamu, mzito, na ndimu bado ipo kwa mbali. Tangu tumzike nilikuwa nikijiuliza Walter angekuwaje akizeeka. Nikanywa tena, polepole, kisha nikamwambia Gichuhi awamiminie wageni, na ole wake amwage hata tone moja.