Miguu ya Bawa

Obuya ana suti nyingi na akili ya kuazima. Anauza viwanja huko Uthiru, na alipochoka kujisifia viwanja akanunua gari la mashindano, lile la kiti kimoja, magurudumu yako nje nje. Mimi Namalwa ndiye dereva. Yeye kazi yake ni kupigwa picha.

Juzi alilipeleka mjini, likaegeshwa mbele ya hoteli ili wadhamini walitazame. Hao ni watu wa majani ya chai, na jina lao, Chai Mkeka, limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye bawa la nyuma. Mama mmoja wa matangazo akauliza mbona miguu inayoshikilia bawa inakatakata jina lao. Ameuliza tu, maskini. Obuya akaomba msamaha utadhani amemmwagia chai yenyewe.

Jumamosi nafika gereji ya Gurmeet, Kinoo, kujiandaa kwa mashindano ya kesho yake, naona nini? Ile miguu miwili ya bamba nene imeng'olewa. Badala yake kuna kibomba kimoja chembamba, kimepitishwa katikati, pale penye nafasi kati ya Chai na Mkeka. Nilikigusa tu, bawa lote likatikisika.

Nikamweleza Obuya, aliyekuwa pale pale, polepole, kama anavyoelezwa mtu mzima aliyekataa shule. Bawa la ndege linainua. Hili letu limegeuzwa, upepo unalikandamiza chini ili magurudumu ya nyuma yashike lami. Kwenye kona ya kasi ni sawa na wanaume watatu kulikalia. Kibomba kikikatika, nyuma inateleza na mimi naenda ukutani. Yeye macho kwenye simu. Akasema eti wanawake ni waoga, na Nairobi haijaisha madereva. Gurmeet naye akajifanya anatafuta spana; alishamwonya asubuhi, na mwenye gari alishaamua.

Hasira ilinipanda. Kiti hiki nimekihangaikia miaka, tena nikitoka Waithaka kwa miguu siku ambazo sikuwa na nauli. Lakini kufa kwa ajili ya stika? Ng'o. Nikavua glavu, nikamwita Were, mwana wa kwanza wa Obuya, jitu zima na ndevu zake, ambaye amekimezea mate kiti changu tangu gari linunuliwe. Nikamwambia kesho aendeshe yeye. Were hakungoja kuambiwa tena. Akaingia, akafunga mkanda, akaanza kuchezea usukani.

Obuya akamtazama mwanawe. Akakitazama kibomba. Simu akaitia mfukoni.

"Gurmeet," akasema, sauti imeshuka. "Rudisha ile miguu. Yote miwili."

Kumbe alikuwa amenisikia neno kwa neno, mshenzi yule. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na wala aibu hana: hata kabla ya bolti ya kwanza kukazwa, akanigeukia na kuniambia sasa mambo yako sawa, nipande mwenyewe, kijana hajazoea.

Were alikuwa bado ndani ya gari. Akageuza shingo.

"Baba, na Namalwa ungemwacha aende na kile kibomba?"

Obuya akamwambia Gurmeet akaze vizuri. Were akafungua mkanda, akashuka, akaniachia kiti bila kunitazama machoni.