Kikombe cha Kwanza

Maji ya tangi yalikuwa yamefika kwenye matope, na Kalunde aliyachuja mara mbili kwa kipande cha leso yake mwenyewe kabla ya kuyateleka. Nje, kando ya lango, mtunza bustani alimwagilia maua kwa maji safi yaliyoletwa na punda jana jioni. Maua hayo yalipandwa Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatatu, mwezi wa kumi, mwaka wa themanini na sita, siku ya kuwakaribisha wahadhiri katika mwaka mpya wa masomo, na maua yalitakiwa kuonekana kama yamekuwepo siku zote. Kalunde hakushangaa. Alikuwa amepika chai miaka tisa katika tawi hili la chuo kikuu, kilimani juu ya soko la Kasikeu, na alijua kila mwaka huanza na uongo wake.

Kilichomkosesha raha ni viti viwili. Karani alikuwa amevipanga nyuma ya ukumbi, karibu na mlango. Viti vya wahadhiri vyote ishirini vilikuwa na karatasi zenye majina. Hivi viwili havikuwa na kitu.

"Hivi ni vya nani?" alimuuliza karani.

"Vya wageni."

"Wageni gani hawana majina?"

Karani alimtazama, kisha akaendelea kupanga viti.

Saa mbili na nusu mkuu wa tawi, Daktari Mwangangi, aliingia jikoni. Miaka yote tisa hakuwa amewahi kukanyaga humo. Alisimama mbali na moshi, suti yake ikiwa imepigwa pasi vizuri.

"Mama Mbula, leo kuna utaratibu. Kikombe cha kwanza utampa Daktari Kisilu."

"Kisilu? Lakini Mwalimu Ndolo yuko, daktari. Nikimpita mzee nianze na kijana, watu watasema sina adabu."

"Ni heshima tunampa. Amefanya research nzuri. Ukishampa, simama mbele yake kidogo. Hesabu mpaka tano, ndio uende kwa wengine."

"Nisimame?"

"Usimame." Aligeuka kwenda, kisha akasita. "Ile nyumba ya chuo unakaa na watoto, mkataba wake unaisha mwezi huu, sivyo?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi tutaongea baada ya mkutano."

Heshima! Kalunde alibaki ameshika mwiko. Tangu lini huyu akampenda Kisilu? Mwaka jana, katika mkutano kama huu, Jonah Kisilu alisimama akauliza mahindi ya njano ya msaada waliyoletewa wafanyakazi wa chini yalienda wapi, ile njaa ya themanini na nne, mtu alipokuwa akifa na pesa mkononi kwa sababu madukani hakukuwa na unga. Tangu siku hiyo wenzake walikula mbali naye, na waliomsalimia walimsalimia wakitazama begani kwake, kuona ni nani anawaona.

Kalunde hakuwa amesahau jambo jingine. Mtoto wake Mbula alipougua, gari la chuo lilikuwa limempeleka mke wa mkuu saluni. Kisilu ndiye aliyembeba mtoto kwa gari lake mwenyewe hadi hospitalini, na hakutaka hata kushukuriwa.

Alitoka nyuma kumwaga majivu. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa kivulini, na wanaume wawili waliliegemea, wamempa mgongo.

"Hii picha ya faili ni ya zamani," mmoja alisema. "Hapa ni kijana, ana ndevu mpaka kifuani. Saa hii anakaaje?"

"Usijali. Utaonyeshwa."

Kalunde alielewa: hawa ni makachero, na vile viti viwili ni vyao. Aliogopa, na papo hapo akashikwa na hasira. Kumbe mkuu hakutaka kunyoosha kidole chake mwenyewe, alitaka mkono wa mpika chai. Angemwonya Kisilu vipi? Karani alikuwa mlangoni, na mwaka ule hata kunong'ona kulikuwa kosa. Angesimama tu karibu na mtu, angekuwa ameshamwonyesha.

Kisha akapata wazo, na akajiona mjanja. Angeanza na Mwalimu Ndolo kama ilivyo desturi. Huyo ni mzee wa kanisa, miaka hamsini na tisa, nywele nyeupe, mtu wa udongo na mitaro ya shambani. Nani angemshuku? Wale wageni wangechanganyikiwa na kurudi Nairobi. Na yeye angemwambia mkuu kwamba mkono ulifuata mazoea. Angepita kwa Ndolo haraka, bila kusimama.

Ukumbini Daktari Mwangangi alikuwa amefika katikati ya hotuba.

"Karibuni tena nyumbani. Sisi hapa ni familia moja. Mwaka huu tunataka bidii, na tunataka uaminifu."

Alimtazama Kalunde, akamwashiria kwa kichwa aanze. Kalunde alishika trei, akapita kando ya kiti cha Kisilu bila kumtazama, akainama mbele ya Ndolo.

"Karibu, mzee."

Ndolo hakupokea kikombe. Alikuwa mtu wa kusalimu kwanza, na kila mwanamke alimwita mwaitu, yaani mama yetu.

"Aiya, mwaitu Kalunde! Uko salama?"

"Salama, mzee. Shika chai."

"Na Mbula? Amerudi shule?"

"Amerudi. Shika, mzee, itapoa."

"Na kwenu Mutomo, mvua imeonekana?"

"Bado, mzee," alisema, akimsogezea kikombe. Hakuweza kumwacha mzee katikati ya salamu. Hakuna aliyelelewa vizuri angeweza. Ile hesabu ya mkuu, mpaka tano, ikapita.

Ndolo alifumba macho kuiombea chai. Alipofumbua, wanaume wawili walikuwa wamesimama pande zake mbili.

"Mzee, kuna simu yako ofisini."

"Simu yangu? Mimi sina mtu wa kunipigia simu."

"Twende tu. Ni dakika mbili."

Mmoja wao aliziona zile mvi, akasita. Alimtazama Daktari Mwangangi kule mbele. Ukumbi mzima ulimtazama pia. Neno moja tu lingetosha, siye huyo, lakini neno hilo lingewaambia wahadhiri wote ni nani aliyewaita wageni. Daktari Mwangangi aliinamia karatasi zake.

"Tuendelee," alisema. "Kama nilivyosema, sisi ni familia."

Ndolo aliomba radhi kwa waliokaa karibu naye, akatoka. Nje, gari liliwashwa.

Jikoni, baada ya mkutano, mkuu hakupaza sauti.

"Nilikuambia nani?"

"Nilianza na mzee, daktari. Ni mazoea. Wapigie simu, uwaambie siye."

"Niwaambie nini? Kwamba walikosea? Hao hawakosei." Alifunga mlango. "Wewe ndiye ulimwonyesha, Mama Mbula. Watu ishirini walikuona. Ukifungua mdomo, sema na hilo. Kisilu nimeshaongea naye, na ameelewa. Nyumba utabaki nayo."

Asubuhi iliyofuata Syombua, mke wa Ndolo, alifika kwa miguu, amebeba sweta ya mumewe na dawa zake za presha ndani ya kiondo. Askari wa lango alimwambia hajui. Karani alimwambia mzee alitoka kwa hiari yake. Akaja jikoni.

"Mwaitu, wewe ndiye unawapa chai. Lazima ulimwona."

Kalunde alikuwa akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Nilikuwa hapa jikoni, mama. Sikuona kitu."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe na akajichukia.

"Basi njoo unisomee ratiba. Nasikia imebandikwa, na macho yangu hayaoni herufi ndogo. Kama jina lake liko, najua anarudi."

Ratiba ilikuwa imepigwa chapa asubuhi hiyo hiyo. Kalunde alipitisha kidole mpaka kwenye somo la udongo, ambalo Ndolo alikuwa amelifundisha tangu tawi lifunguliwe. Saa nne, chumba cha tatu. J. Kisilu.

"Liko?"

Nyuma yao karani alikuwa amesimama, anasikiliza.

"Liko," Kalunde alisema. "Saa nne, chumba cha tatu."

"Mungu asifiwe. Nitamngoja hapo hapo."

Syombua aliketi kwenye benchi mkabala na chumba cha tatu, sweta imekunjwa magotini. Kalunde alishindwa kuondoka. Kengele ililia, wanafunzi wakaingia. Kisha Kisilu akaja na boksi la chaki na faili kwapani. Aliiona ile sweta, akapunguza mwendo, akasema habari ya asubuhi bila kusimama, akaingia na kufunga mlango.

Syombua alimgeukia Kalunde.

"Na huyu anaingia kufundisha nini?"