Waya Umechoka Sebuleni

Taa ya sebuleni kwa bibi iliachia dari siku ya Jumatano, bibi mwenyewe akiwa amekaa chini yake anachambua mchele. Haikuanguka moja kwa moja. Ilishuka taratibu kama mtu anayetaka kunong'ona, ikabaki inaning'inia kwa nyaya zake juu ya ungo. Bibi akaitazama. Kisha akasogeza kigoda na kuendelea na kazi yake, maana mchele ule ulikuwa na mawe, na taa haikuonyesha kuwa na haraka.

Kilichomnyima raha si taa. Ni Kamati.

Kamati ni mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye kitambi chake na mvi za kuhesabika. Jina hilo ndugu zake walimpa utotoni, kwa sababu alikuwa akijifungia chumbani peke yake na kutoka na maazimio. Azimio lake la mwaka huu lilikuwa kumhamisha mama yake. Nyumba imezeeka, alisema, nyaya zake zilipitishwa na marehemu baba kwa mkono wake, na siku moja zitashika moto na mama ndani. Kwake Kamati chumba kilikuwa tayari, kimepakwa na rangi. Bibi alikwenda kukiona. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jirani kama watu waliogombana, na mkwewe alikuwa mtu wa kuzima redio jua halijazama vizuri. Hapo bibi akaapa kwamba hahami. Wakavutana miezi, mwisho wakapatana hivi: Kamati atakuja Jumamosi adhuhuri kukagua nyumba. Akikuta chochote kibovu, mama atafunga mizigo bila neno. Akikuta kila kitu kizima, yeye ndiye atakayenyamaza.

Na sasa taa ilikuwa imetoa ulimi nje.

Bibi akampigia simu shoga yake wa nyumba ya tatu, mwanamke anayejuana na kila mtu. Akamwambia sebuleni kwake waya umechoka, kitu kinaning'inia, atafutiwe fundi kabla ya Jumamosi saa sita, awe mwenye mkono mwepesi. Shoga akajibu kwamba fundi wa namna hiyo anaye, tena ni mtu wake kabisa.

Fundi akaja Jumamosi asubuhi, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na utepe wa kupimia shingoni. Bibi alipouona ule utepe alifikiri ni wa kupimia dari. Kumbe shoga, aliposikia waya umechoka na kitu kinaning'inia, akili yake ilikwenda kwenye pazia. Mapazia si hutundikwa kwa waya? Basi alikuwa amemtuma fundi cherehani.

Fundi akatupa jicho madirishani, akaona mapazia yametulia. Bibi akamwonyesha juu. Fundi akatazama juu. Angeweza kusema ukweli pale pale, na mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba neno lilifika mpaka kwenye meno. Ila bibi alikuwa ameshamwambia kwamba amesifiwa sana, eti ni fundi hasa. Akakohoa, akasema hiyo ni kazi ndogo.

Bibi akaenda mwenyewe kuzima swichi kubwa ukutani, maana hilo marehemu alimfundisha kabla ya kumfundisha mambo mengine mengi, akamwachia ngazi na taa mpya iliyokuwa ndani ya boksi, akarudi jikoni kwenye sufuria yake.

Huko juu fundi akaishusha taa ya zamani, akakuta nyaya sita zimetokeza kwenye tundu la dari: tatu nyekundu, tatu nyeusi. Nyekundu zilikuwa zimesokotwa pamoja. Nyeusi mbili pamoja. Nyeusi ya tatu ilikuwa peke yake, imejitenga kama mtu aliyenuniwa kwenye shughuli. Fundi akasikitika kwa ajili ya aliyefanya kazi ile. Tangu lini mtu akatenganisha rangi moja namna hiyo? Akazifumua zote. Nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, akapeleka kila rangi kwenye mguu wake wa taa, pale penye skrubu ya kufungia waya, akafunga utepe mweusi uliokuja na taa kwa mikunjo midogo sawasawa kama pindo la sketi ya shule.

Bibi akawasha swichi kubwa. Taa ikawaka hapo hapo.

"Umeona, mama?" fundi akasema. "Haijabonyezwa na imeshaitika."

Alisema kama kwamba hiyo ni nyongeza aliyomtilia bure. Bibi akahisi kitu kinamkuna akilini, ila honi ya gari ilikuwa imeshalia nje.

Kamati akaingia na kuanza ukaguzi kabla ya kuamkia. Akafungua bomba, akafunga bomba. Akatingisha mlango wa choo. Akafika sebuleni, akasimama chini ya taa mpya, akaitafuta kasoro mpaka shingo ikamuuma. Taa ilikuwa imenyooka, inang'aa, haina neno. Hapo bibi akaanza kupumua.

"Lakini mama, taa mchana kweupe?" Kamati akasema, akanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani, akaibonyeza aizime.

Pa! Taa ikafa. Friji likanyamaza. Redio ya jikoni ikakatika katikati ya neno.

Kamati akasema polepole, bila hata kumtazama mama yake, kwamba nguo achukue za kutosha tu, vingine vitafuata.

"Wewe ndiye uliyebonyeza," bibi akasema. "Nyumba hii ilikuwa na taa mpaka ulipoingia."

Kamati akamgeukia yule mtu mwenye ngazi, akamuuliza yeye ni fundi umeme wa wapi. Fundi akaushika utepe wake shingoni.

"Mimi ni fundi, bosi."

"Fundi wa nini?"

"Suruali, hasa."

Bibi hakupenda kucheka wakati ule, lakini mabega yalimsaliti. Alipomaliza akajifuta macho, akamwomba mwanawe nusu saa kabla kikao hakijafungwa. Kamati akatazama saa yake, akampa, kwa sauti ya mtu anayetoa kisichokuwa na faida.

Bibi akazima swichi kubwa. Akachomoa fyuzi, akakuta kiwaya chake kimeungua, akatia kingine kutoka kwenye kopo lake la vifungo, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Kisha akampandisha fundi tena, akamwamuru Kamati ashike ngazi, kama yeye alivyomshikia marehemu miaka arobaini iliyopita. Watu hudhani anayeshika ngazi hajifunzi kitu. Bibi alikuwa na mwaka mzima wa kushika ngazi.

Akawaeleza kwamba kati ya zile nyaya nyeusi, moja si ya ukoo wa wenzake. Hiyo hutoka kwenye swichi kurudi kwenye taa na kuleta moto, ila imevaa nguo nyeusi. Ukiifunga na nyeusi nyingine, siku ya kubonyeza ndiyo siku ya msiba. Marehemu aliifunga uzi mweupe ili ijulikane.

"Uzi uko wapi?" akauliza.

Huko juu fundi akagusa mkasi mfukoni.

"Niliukata," fundi akasema. "Ulikuwa umechomoza, mama. Mimi uzi uliochomoza siwezi kuuacha."

Kamati akafumba macho. Lakini fundi alikuwa ameshasogeza uso karibu na tundu, anazigeuza nyaya moja moja, kama anayetafuta kwenye koti mahali palipofumuliwa. Vumbi la miaka arobaini lilikuwa limezipaka zote, na kwenye moja palibaki kipete chembamba kisafi, uzi ulipokaa. Mshono uliofumuliwa, hapo sasa alikuwa nyumbani kwake. Akaitenga ile moja, akaipeleka kwenye mguu wake wa taa, zile mbili kwenye mguu mwingine, nyekundu akazifunga zenyewe kwa zenyewe.

Bibi akawasha swichi kubwa. Friji likaanza kunguruma, taa ikatulia bila kuwaka, kama inavyopasa. Akamwambia Kamati abonyeze. Kamati akajivuta nyuma mpaka mkono ukaishia, akabonyeza kwa ncha ya kidole. Ikawaka. Akazima, ikazimika. Akawasha tena, akazima tena, mara nane au tisa, mpaka bibi akamuuliza kama anaipigia simu.

Kamati akakaa kwenye kochi. Akasema mapatano ni mapatano, ila si nyaya tu zinazomkosesha usingizi. Mama akianguka humu peke yake, nani atajua?

Bibi akakaa karibu naye. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha mdomoni.

"Kwako nitaanguka usiku wa kwanza, natafuta choo. Humu natembea nimefumba macho."

Wakapatana upya. Jumatatu ataletwa fundi umeme wa kweli azipitie nyaya zote, na zilizochoka zibadilishwe. Kila Jumamosi Kamati atakuja mwenyewe, na atabisha hodi.

"Na kitanda?" Kamati akauliza. "Nilikununulia kitanda kipya kabisa."

"Kilete huku. Utakilalia wewe ukija."

Kamati akainuka, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akatandaza mikono kuupima, akasema hakitapita kikiwa kizima. Bibi akamwambia akilete vipande vipande, hapa mafundi wapo.