Pole ya Mama Naipanoi

Huu ni mwaka wa kumi na mbili naendesha watalii kutoka Karatu, na kila asubuhi wananiuliza neno lao la “safari” limetoka wapi. Nawaeleza: Waingereza walilichukua kwetu, sisi tulilipata kwa Waarabu. Wanaandika. Sauti yangu mwenyewe imenichosha.

Jana, kule nyikani Olbalbal, tulimkuta Mama Naipanoi, mfugaji wa huko ninayemfahamu, akiswaga punda wenye madumu ya maji. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Wageni wakataka picha. Nikashusha kioo nimwombe ruhusa, lakini yeye akaniwahi.

“Pole na safari, mwanangu.”

Miaka yote hiyo, hakuna abiria aliyewahi kunipa pole.

“Amesema nini?” mgeni mmoja akauliza.

Nikamjibu kwamba Kiswahili sikijui.